Nyar Suna, Nani Alitangulia Kupanda?

Nyar Suna,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kila "ikiwa" husomeka mbele na nyuma. Wanajua kwamba mvua ikinyesha njia ya Kosele hujaa matope. Basi wakiona matope wanaapa kwamba mvua imenyesha. Hawaulizi kama tangi la mtu limepasuka. Nililifundisha jambo hili miaka yote darasani, nawe, mke wangu, binti wa Suna, ukinicheka: "Mwalimu, hayo hata sisi wauza omena tunayajua. Omena wote ni samaki, lakini si kila samaki ni omena."

Sasa kosa hilo limeingia nyumbani kwetu, nami sijui nisimame wapi.

Tangu tukuzike, dada yangu Perpetua hajarudi kwake. Anasema mke wa mwana akitangulia kupanda kabla ya wenye boma, chira, laana ya kuvunja mwiko, huingia, na mtu hukonda hadi afe. Wewe ulikonda. Ukafa. Kwa hiyo, anasema, Akoth, mke wa mwanetu, alitangulia kupanda. Hakuna aliyemwona. Perpetua anasema hahitaji kuona. Jana Akoth alianza kufunga nguo za watoto arudi kwa wazazi wake. Mvua imeshanyesha, na shamba lake bado tupu, maana anaogopa hata kugusa jembe.

Nilimketisha Perpetua nikamweleza polepole. Hata kama kila mwenye chira hukonda, si kila anayekonda ana chira. Kuna kifua kikuu, kuna sukari, kuna njaa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Haya, mwalimu. Kwa hivyo umejua kwamba Akoth hakupanda?"

Hoja mbovu haithibitishi kwamba jambo lenyewe ni la uongo. Nilikuwa nimebomoa ukuta wake, nikadhani nimejenga wangu.

Nikakimbilia figo. Daktari alisema figo zikishindwa mtu hukonda, nawe ulikonda, basi... Nikajikamata hapo hapo. Ni njia ileile ninayowakataza wengine. Kweli, daktari alikupima damu, na Perpetua hakupima chochote. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini nikikumbuka mkono wako ulivyokuwa mwepesi ndani ya wangu, hainitoshi. Kwa nini figo zako? Kwa nini wewe? Natafuta "kwa sababu" kama wao. Sijui tena kama ninamtetea Akoth kwa kuwa hana hatia, au kwa kuwa ndiye aliyekulisha uji ulipoukataa kutoka kwangu.

Asubuhi hii nimekumbuka ulivyoniita kila msimu, nikiwa nimezama kwenye vitabu: "Mwalimu, weka chaki. Shamba halisomi." Tulipanda mstari wa kwanza pamoja, wewe ukidondosha mbegu, mimi nikifukia kwa mguu, ndipo wengine wakaanza. Mimi bado ni mwenye boma. Kilichotokea msimu uliopita sikijui, na pengine sitakijua. Ila hili nalijua: mwenye boma akishapanda, hakuna atakayepanda leo akaambiwa amemtangulia. Hapo hata Perpetua hana pa kupita.

Basi nimetoa maharagwe yako, yale uliyoyachanganya na jivu yasiliwe na wadudu. Nimepanda mstari mmoja kutoka uani hadi karibu na ulipolala. Umepinda vibaya, ungenicheka. Perpetua alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akatazama. Mwishowe akasema tu, "Unafukia kina kirefu mno."

Pumzika, nyar Suna. Kifo chako sijakielewa, na sitamtwika mtu mwingine mzigo wa kutoelewa kwangu. Nakuahidi, wajukuu wako watakula maharagwe haya hapa, katika boma hili.

Namwita sasa, nawe usikie: Akoth, mama, mstari wa kwanza tayari. Weka chini hizo nguo, chukua jembe, upande leo.