Shangazi, Swichi Haikuwa na Kosa

Shangazi yangu,

Nimerudi kutoka Mkokotoni na vumbi hadi kwenye kope, na nimechoka. Si uchovu wa njia. Umekuja tena mfumo mpya wa kompyuta, na kila unapokuja mimi huzunguka zahanati zetu zote za kisiwa na mkoba wa CD, nikibadilisha ile programu ndogo iliyomo ndani ya kila mashine. Nikishaianzisha hukaa nikaitazama. Asilimia kumi. Asilimia kumi na moja. Wauguzi huniletea chai, na chai hupoa, na mimi hukuwaza wewe.

Unakumbuka nilivyokuwekea programu hiyo mara ya kwanza, zahanati ya Mpendae? Wewe karani wa chanjo, mimi nimetoka chuoni juzi, nimeajiriwa ofisi kuu ya Mji Mkongwe, kichwa juu. Ulikinyanyua kile kitambaa ulichokidarizi mwenyewe kuifunikia kompyuta, ukakikunja mara nne, ukaniuliza ninaweka nini. Nikakueleza kwamba sisi mafundi tunamwita wakala. Haonekani kwenye kioo, lakini kila saa huipasha habari kompyuta kubwa ya mjini: mashine hii nzima au inaumwa, na nakala za kazi ya leo hizi hapa.

"Anakaa ndani, haonekani, halafu anapeleka habari mjini?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi huyo shushushu, mwanangu. Hao tunawajua toka zamani. Mwambie mie nachapa majina ya watoto tu, siasa sina."

Wauguzi walicheka hadi wakashikana. Tangu siku hiyo ukawa unanipigia simu ofisini: "Shushushu wangu kasemaje leo?" Naangalia orodha yangu, nakujibu, "Anasema hujambo."

Kitu kimoja tu kilitugombanisha. Adhuhuri ikiadhiniwa, ulizima kompyuta, ukazima na swichi ya ukutani, kisha ukachomoa na plagi. Umeme wetu ulishaunguza friji yako na redio ya marehemu baba yako, hukuuamini tena. Nikikwambia usichomoe, unaitikia, "Nshakusikia." Kesho yake naikuta plagi juu ya meza, waya umezungushwa vizuri kama uzi wa kufumia.

Halafu ukaja mfumo mpya wa kwanza. Wakubwa walitaka mashine zote ziwe nao kabla wafadhili hawajafika. Utaratibu nilikuwa naujua: kwanza unambadilisha wakala, unaweka yule anayeufahamu mfumo mpya, ndipo unaweka mfumo wenyewe. Ukigeuza, wakala wa zamani hubaki ndani kama bubu. Kwako niligeuza. Nilikuwa na haraka, nikasema wakala nitakuja kumbadilisha kesho. Kesho yake nikatumwa Jambiani, wiki zikapita niko njiani, mbali na simu na orodha yangu, na nikasahau.

Wiki ya tano, diski ya kompyuta yako ikafa. Watoto wote uliowaandika katika wiki hizo, nani kachomwa sindano gani na lini, hawakuwemo popote. Daktari mkuu akauliza kwa nini nakala hazikufika mjini. Na mimi, mbele ya wauguzi, mbele ya kina mama waliopakata watoto wao, nikapaza sauti:

"Mara ngapi nimekwambia usizime ukutani, shangazi? Haya, ona sasa!"

Hukujitetea. Uliiangalia swichi, ukaniangalia mimi. "Nisameheni. Kosa langu."

Asubuhi yake ulinunua daftari, ukavaa buibui lako, ukaanza kuzunguka Mpendae nyumba kwa nyumba ukiomba kadi za watoto. Kina mama wakazitoa chini ya magodoro, ndani ya mifuko ya plastiki, na wewe ukanakili umesimama mlangoni, miguu imevimba. Ulipomaliza ukayachapa yote upya. Kisha ukaomba urudishwe kwenye dirisha la mapokezi kupanga kadi. "Mie na mashine, basi tena," ulisema, na kile kitambaa ukakirudisha nyumbani.

Sasa nakwambia nisichokwambia. Ulikuwa bado uko katika mtaa wa pili na daftari lako nilipofungua kumbukumbu za wakala. Miaka miwili ulichomoa plagi kila adhuhuri, na kila ulipowasha tena yeye alituma nakala zake, hata siku moja hakukosa. Alinyamaza siku niliyokuwekea mfumo mpya. Tarehe ipo, saa ipo, dakika ipo. Shushushu wako alikuwa anakutetea, na aliyemsikia ni mimi peke yangu.

Nilishika simu. Nikairudisha.

Ulipokuwa kitandani, siku zako za mwisho, nilianza: "Shangazi, ile siku ya plagi..." Ukanikatiza. "Hata mie naiwaza. Kama yuko mtoto wa mtu aliyekosa sindano kwa ajili yangu, mwanangu?" Nikasema, "Hakuna." Hilo lilikuwa kweli, uliwapata wote. Lakini nililisema ili nisiseme lile jingine, na ukaondoka ukidhani kosa ni lako.

Leo Mkokotoni nimemkuta karani msichana amesimamishwa mbele ya wagonjwa. Mashine yake haijatoa habari kwa wiki mbili, na msimamizi anafoka: "Huyu huyu! Anazima ukutani!" Msichana ameinamisha kichwa, anataka kusema nisameheni. Nikafungua mashine. Mfumo mpya ulishawekwa wiki mbili kabla yangu, na wakala ni yule wa zamani.

"Si yeye," nikasema. "Kazi hii yangu mimi. Nimechelewa kuja."

Msimamizi akaguna, akaenda zake. Basi, yakaisha. Nikabaki naitazama chai ikipoa, kwa jinsi kukiri kulivyokuwa jambo dogo.

Wewe nilikulaumu mbele ya watu, kwa hiyo sikuandika barua hii kuiweka sandukuni. Nimeomba ibandikwe kwenye ubao wa zahanati ya Mpendae, kando ya dirisha lako, wasome wauguzi, na wasome kina mama wale waliokupa kadi mlangoni.

Mungu akurehemu, shangazi. Ulikuwa unazima swichi tu. Aliyemzima shushushu wako ni mimi.

Mtoto wa kaka yako,
Salma