Foleni ya Wanaotafuta Waume

Jumapili, mjini Laurel

Leo kanisani pasta kasema ati wasio na makaratasi ya kuishi huku ughaibuni wapite mbele waombewe! Nani atapita? Viza yangu ya matembezi iliisha miezi minne iliyopita, na bosi wangu alikuwa ameketi nyuma yangu. Akijua, sina kazi.

Sikupita. Hakuna aliyepita.

Pasta akaita wanaotafuta waume. Hapo nikainuka haraka, maana Mungu analijua faili langu, hata nikisimama foleni nyingine. Tulifika kumi na wanne, na sita kati yetu nawajua wana waume.

"Hata wewe, mama?" nikamnong'oneza mke wa shemasi.

"Funga macho, wewe! Huu ni mwaka wangu wa tatu bila makaratasi."

Alhamisi namwona wakili kuhusu kibali cha kazi. Naogopa. Lakini pasta alipoomba tupate waume kabla ya Krismasi, "Amina!" iliyotikisa dari ilikuwa ya shemasi mwenyewe.