Skrini iliyoonyesha mkono

Natasha, jirani yangu Mama Levis anaambia ploti yote ati Sally ndiye alianza vita. Uongo! Nilikuwa nao dukani.

Sally na bwanake Kipruto walikuwa wanachagua skrini ya studio yao ya picha. Muuzaji akawaambia skrini hupimwa kwa picha unayoijua. Wakaweka ya harusi ya dadake Sally.

Kwa skrini yao ya zamani, kiunoni mwa Sally kulikuwa na kivuli tu. Kwa hii mpya kikawa mkono wa mwanaume, unaona mpaka kucha!

"Huyu nani?"

"Binamu yangu wa Keringet. Wacha ujinga, Kipruto."

Ujinga! Kipruto akamgonga Sally na hiyo skrini usoni. Usoni, Natasha! Ikapasuka, damu ikajaa kaunta.

Sasa Sally yuko chini ya kitanda changu, na Kipruto anavunja mlango.

Tuma kakako na watu wa boda, haraka.

Natasha? Umesoma, mbona hujibu?