Bwana Wangu Hajaasi

Alhamisi, 16 Novemba 1775. Norfolk, Virginia

Nimechoka. Mapipa sita ya tumbaku leo, yote nimeyashindilia kwa miguu. Jana askari wa gavana wa mfalme waliwatimua waasi, na leo tangazo lake limesomwa sokoni. Nilisimama nyuma, tumbaku bado imeniganda miguuni. Kila mtumwa na kila mtumishi wa mkataba anayeweza kushika bunduki, akienda kwa gavana, ni huru. Huru! Mimi nimebakiza miaka minne ya mkataba. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

Kisha msomaji akarudia polepole: wale walio mali ya waasi.

Bwana Muirhead, mwenye mkataba wangu, alikuwa mbele kabisa. Amejibandika kitambaa chekundu kifuani, alama ya aliyemwapia mfalme. Katika Waskoti wote wa mji huu, nimepewa mtiifu kuliko wote.

Jumamosi, 18 Novemba

Tooley ameondoka! Lambert Tooley, Mwairishi, mtumishi wa Kanali Brickhouse ng'ambo ya kijito. Mlevi. Hajui hata kufunika pipa. Lakini kanali wake ndiye anayepayuka kuliko wote kwamba makoloni yajitawale, mfalme abaki na kisiwa chake. Basi Tooley ni huru, na mimi hapana.

Ameondoka na Mingo, mtumwa wa kanali huyohuyo. Mingo alipita kuniaga. Nilimwuliza kama kweli anampenda mfalme. Akacheka.

"Kanali analia kwamba mfalme anamfanya mtumwa. Analia hivyo huku mimi namvua viatu! Mfalme simjui, Ifan. Nimeona mlango uko wazi, basi."

Sikuwahi kudhani nitamwonea wivu mtumwa. Leo nimemwonea.

Jumanne, 21 Novemba

Manyunyu kutwa. Siku nzuri ya kazi — jani kavu huvunjika, lazima linyonye unyevu kwanza ndipo lishindiliwe. Nimeshindilia kwa miguu tangu alfajiri. Na tumbaku yenyewe haiendi popote, kamati ya waasi imekataza kuipeleka Uingereza.

Nilijipa moyo nikamwomba bwana aniachilie nikamtumikie mfalme. Hakuinua hata macho.

"Anayenitumikia mimi anamtumikia mfalme. Shindilia, Ifan."

Jumapili, 26 Novemba

Tooley alikuja jikoni kwetu kuchukua mikate ya askari. Na koti jipya la askari! Hester alimgusa vifungo kimoja kimoja, eti aone kama ni shaba. Hester mpishi wetu, mjane, ambaye tangu kiangazi namchotea maji bila kuombwa. Vifungo vyangu ni vya mfupa. Hajawahi kuvigusa.

"Habari za kifungoni, Mwelshi?" Tooley akaniambia. "Mwombe bwana wako aasi kidogo. Hata siku moja tu, Jumatatu!"

Hester alicheka mpaka akashika meza.

Tooley alipokwenda nilimwuliza Hester yeye yuko upande gani. Akasema mfalme akishinda atasugua masufuria, kamati ikishinda atasugua masufuria. Kisha: "Lakini koti lile limemkaa, jamani."

Nimepasua kuni nyingi kuliko zinazohitajika.

Jumatano, 29 Novemba

Nimeanza kumgeuza bwana. Nikimmiminia bia mezani nilisema waasi wanazidi kuwa wengi, wana bunduki ndefu, na kwa kweli ushuru wa mfalme ni dhuluma. Aliweka uma chini.

"Juzi ulitaka kumfia mfalme."

Nikasema nimefikiri.

"Usifikiri. Biashara yangu yote iko Glasgow. Tukijitawala, tumbaku nitamuuzia nani? Dubu?"

Mimi, niliyefundishwa na mama kumwombea mfalme kila Jumapili, naomba sasa bwana wangu amsaliti. Naomba kila siku, nimepiga magoti.

Jumamosi, 9 Desemba

Askari wa gavana wamevunjwa na waasi kwenye daraja la kusini mwa mji! Mikokoteni ya majeruhi imepita mlangoni kwetu jioni nzima. Bwana amekivua kitambaa chake chekundu. Nimekiona jikoni, nusu kimeungua.

Mingo amekufa. Aliyeniambia alikuwa kwenye mkokoteni, ameshika tumbo. Nikamwuliza na Tooley je? Yu hai, risasi ya begani tu. Nilishukuru kwa mdomo. Rohoni, Mungu anisamehe, nilitaka iwe kinyume chake. Mingo arudi, yule abaki kwenye daraja lile.

Hester ametoka na vitambaa vya kufungia vidonda. Hakuniaga.

Jumatano, 13 Desemba

Bwana ametia saini! Saa nne asubuhi, karatasi ya kamati, kiapo cha kuwaunga mkono waasi. "Mimi ni mzalendo sasa," akasema. "Nipe brandi." Nilimpa kwa mikono miwili. Mimi ni mtumishi wa mwasi! Nikatoka na shati moja na daftari hili, mbio mpaka gatini. Waasi wanaingia mjini kesho, wanasema. Watu wa mfalme wote wanakimbilia merikebuni.

Mashua ya mwisho. Karani mwenye orodha ya waliomwapia mfalme akaniuliza bwana wangu nani. Muirhead, nikasema, mwasi. Akapekua. "Muirhead alimwapia mfalme. Rudi kazini."

"Amegeuka leo!"

"Nani shahidi? Nataka askari wa gavana akuapie. Si mtu wa njiani."

Askari kwenye mashua ni mmoja tu. Tooley, mkono umefungwa kwa shali. Shali ya Hester. Na Hester mwenyewe kakaa ubavuni pake, kikapu mapajani.

Tooley kasikia yote. Kisha akatabasamu.

"Naweza kuapa, Mwelshi. Niombe tu. Niombe vizuri, Hester asikie."

Hester akamwambia aache utoto. Hakuacha.

Nimekaa kwenye ngazi za gati, naandika, nionekane nina shughuli. Maji yanakupwa, mabaharia wameanza kulaani. Mwenye orodha amekunja karatasi yake. Hester ananiashiria kwa kichwa — sema, mjinga, sema. Kamba ya kwanza imefunguliwa. Naona bega la Hester limeegemea lile koti, na ulimi wangu hautaki kumwomba mwenye koti —