Mama, Afande Hakufa

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Tangu tukuzike Kagongwa sijawahi kukuandikia, lakini Jumapili nimeona jambo ambalo mpaka leo mwili haujatulia, na sina mwingine wa kumwambia akanielewa.

Unakumbuka kile kibanda cha video karibu na stendi? Ulikuwa ukikaanga mihogo nje, mimi nachungulia kwenye tundu la turubai. Siku moja kwenye filamu akatokea mtu mwenye ualbino, kama mimi. Alikuwa amepakwa poda tu, hata shingo walisahau. Hakusema neno. Akakatwa panga, watu wakapiga kelele. Ulinivuta mkono, mihogo ikiungulia kwenye karai, ukaniambia, “Huyo si wewe, mayu, mama yangu. Umesikia? Huyo si wewe.” Lakini jioni ile ulipigilia mbao dirisha la chumba chetu.

Basi Jumapili, ukumbini hapa Ushirombo, walikuja na skrini kubwa kuonyesha filamu ya upelelezi iliyopigwa huku kwetu. Shoga yangu Mama Zawadi, yule wa duka la vitenge, alinilazimisha. Nikajifunga mtandio mpaka puani, nikakaa nyuma.

Filamu ikaanza: mnunuzi wa dhahabu amepotea machimboni. Kijiji kimenyamaza. Ikaja pikipiki, akashuka afande mpelelezi, akavua kofia ngumu. Mama! Mwanamke mwenye ualbino, mwenye ualbino kweli. Mikono ina madoa ya jua na macho yanachezacheza kama yangu. Hakuna poda ya kuyafanya macho yacheze hivyo. Akamwendea bibi mmoja anayepepeta mtama, akainama, akamwamkia, “Mwadila, mayu.” Kisukuma chetu, kwenye skrini kubwa vile!

Kijana mmoja mbele yangu, mchimbaji, matope bado yamemganda visiginoni, akacheka: “Huyu hamalizi dakika kumi.” Watu wakacheka naye. Na mimi, Mama, sikumkasirikia. Nilijua amesema kweli. Nilikaa namsubiri yule dada afe.

Alipofika kwenye mdomo wa duara, lile shimo la wachimbaji, akashika kamba ateremke peke yake, sijui nini kilinipata. Nilijikuta nimesimama, mtandio umeanguka, napiga kelele: “Usiingie! Watakuua! Usiingie!”

Ukumbi mzima ukageuka. Wakaniona. Hakuna aliyecheka.

Mama Zawadi akanishika kiuno. “Kaa, mwenzangu. Kaa tuone.”

Nikakaa. Kule shimoni giza, mara pumzi, mara mawe yakaporomoka. Kisha kamba ikacheza. Akatoka mzima, kachafuka vumbi, na pingu imebana mikono ya mtu ambaye kijiji kizima kilikuwa kinamwamkia. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mimi nililia mpaka nikakwama pumzi.

Nje yule mchimbaji alinisubiri mlangoni, kofia mkononi. “Dada, samahani. Nilisema vile kwa sababu siku zote kwenye filamu ndivyo wanavyofanya.”

“Hata mimi nilidhani hivyo,” nikamjibu.

Ndilo lililonishtua, Mama, kuliko filamu yenyewe. Ulinificha ili niishi, na nimeishi: nina cherehani, nina wateja, nina jina mjini. Kumbe ndani yangu nilikuwa nimeshakubali kwamba mtu kama mimi akionekana, lazima afe. Nimekubali lini? Nani aliniuliza? Nashona chumba cha nyuma miaka yote, wateja wanapokelewa na Mama Zawadi mbele, na kule kujificha nilikuwa nakuita kazi.

Sikulaumu. Mbao zile ziliniokoa. Tuliwazika wengine ambao hawakuwa na mtu wa kuwapigilia. Na hatari haijaisha, usidhani nimelewa filamu. Nakwenda na watu, narudi mapema.

Ila Jumatatu nilimwambia Mama Zawadi anisaidie kubeba cherehani. Tuliiweka barazani, kwenye kivuli, inatazama barabara. Nikavunja sindano kabla sijamaliza pindo la kwanza. Wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo. Mwishowe akasimama mama mmoja na kitambaa cha kanga, akaniuliza:

“Fundi yuko wapi?”

Nikamwambia, “Ni mimi.”

Pumzika, Mama. Sasa unaweza.

Mimi,
bintiyo uliyemficha