Guru-ma Kaandikwa Mwajiri

Moyna, nimetoka ukumbini sasa hivi, bado nina hasira.

Yule Dakta Rezwan aliyetuhoji kuhusu kinga ya Ukimwi kasoma utafiti wake. Eti sisi mahijra, tuliozaliwa kiume tukaishi kike, "tunaishi na mwajiri". Mwajiri! Guru-ma huyo, mama aliyetuokota tulipofukuzwa makwetu!

Halafu eti dawa za kinga zisipitie kwake tena, anatutawala.

Mwajiri, Moyna! Na usomi wote ule!

Guru-ma akasimama, akapiga kofi letu lile la viganja wazi.

"Hawa uliowahoji, nani alikuletea?"

"Ni wewe."

"Sawa, baba. Kesho dawa wapelekee mwenyewe. Utaanzia nyumba ipi?"

Msomi akaanza kupekua kurasa za utafiti wake. Hata nyumba moja haijui!