Posa ya Mulki Niliyoikataa

Small Heath,
Birmingham.
9 Novemba 2024

Mpendwa abaayo Rukiya, dada yangu,

Asalaam aleikum. Goti lako liko vipi? Najua baridi ya Nanyuki haikuhurumii. Na binti yako Mulki, bado anashona mpaka macho yanamwuma? Sisi hapa tu wazima. Mubarik wangu bado anaendesha mabasi, na kitinda mimba anaota meno, kwa hivyo mimi usingizi nausikia kwa majirani tu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelegea. Jirani yetu anasafiri kesho, atakufikishia.

Abaayo, posa ya Mulki nimeikataa. Kaa chini kwanza, ndio uendelee kusoma.

Ulinituma kwa mama yake Sahal, huyo mposaji, hapa hapa Birmingham, wanawake tuzungumze kabla wanaume hawajakutana. Nilivaa vizuri, nikabeba halwa. Alinipokea kwa heshima, udi ukifuka nyumba nzima. Tulipomaliza chai akasema, "Mwanangu, kuna jambo dogo tu. Watu wakiuliza, tuseme mama ya binti anakaa nyumbani. Hayo ya kuuza maziwa sokoni yabaki huko kwenu. Na Mulki akija, cherehani aiache. Wanawake wa nyumba hii hawashonei watu."

Ningeweza kunyamaza. Wengi hunyamaza, na harusi zinapita. Lakini wiki hiyo tulikuwa tunasoma kitabu kwenye kikundi cha wanawake, maktaba ya Balsall Heath. Mimi huenda kwa sababu kuna joto na watoto wanapata pa kucheza. Ni hadithi ya Kiingereza ya enzi za Malkia Victoria, imeandikwa na mwanamke ambaye hakuna anayemkumbuka tena. Msichana fundi wa nguo anachumbiwa na mwana wa tajiri mwenye kiwanda. Wakwe wanamwambia aweke sindano chini, na mamake, ambaye ni dobi, aitwe mfanyakazi wa zamani. Anakubali. Siku ya harusi yule mama anasimama langoni, katikati ya watu waliokuja kutazama.

Mama Raksha, Mhindi wa Nakuru, alifunga kitabu kwa kishindo. "Msichana mjinga huyu!"

Balwinder, aliyezaliwa Kisumu, akamrukia: "Mjinga nini, Raksha? Wewe umelelewa na yaya, njaa utaijulia wapi?"

Wote wakacheka. Mimi sikuweza. Yule mama wa langoni nilikuwa nimempa uso wako.

Basi nikamwambia mama yake Sahal, "Mama, maziwa hayo ndiyo yaliyonisomesha mimi unayeninywesha chai. Kama ni aibu, hata mimi nisingeingia hapa."

Akasema, "Una maneno makali, na bado u mdogo."

"Nisamehe ukali," nikamwambia. "Maneno siyaombei msamaha." Nikavaa viatu nikatoka.

Juzi Sahal alikuja mlangoni. Ni kijana mzuri, abaayo, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema hakujua, na kwamba mamake si mtu mbaya. Nikamwuliza, "Sasa utamwambia nini?" Nilimhurumia kama mtu wa damu yangu. Nikamwambia akipata jibu alipeleke Nanyuki, kwako, si kwangu. Akashukuru, akaenda zake. Sidhani kama atakuja huko.

Mulki anampenda. Nilikuwa nalijua hilo nilipokuwa nimekaa pale na kikombe mkononi, na sikumpigia simu kwanza. Angeulizwa, huenda angekubali. Na wewe ungemwambia akubali, nakujua. Ungesema, "Mimi ni nani? Wacha mtoto apate nyumba." Maneno hayo siwezi kuyasikia hata leo, ndio maana sikupiga simu.

Ninajuta, abaayo, na kesho nikirudishwa pale nitasema yaleyale.

Nisalimie mjomba Korane, na kina mama wote wa sokoni, mmoja mmoja. Mungu akuimarishe miguu, akupe riziki usiyohitaji kuificha.

Mulki usimwambie nilifanya hivi kwa faida yake. Si kweli. Nilifanya kwa ajili yako, na wewe hukuniomba. Akilia, mwache alie. Akitaka kunitukana, namba yangu anayo. Nitapokea hata mtoto akiwa titini.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukikasirika,

Mumina